Fundi Alawi na Sauti ya Plagi

Baba yangu anaitwa Alawi, na kama una injini ya mtumbwi popote kati ya Makoko na Murangi basi unamjua, au unamjua mtu anayemjua. Ana banda la mabati pale mwaloni Makoko, ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, hapa Musoma, na kazi yake ni injini za mitumbwi tu. Pikipiki hashiki. Jenereta hashiki. Watu wameshamwomba mpaka wamechoka, anasema kichwa chake kina nafasi ya vitu vinavyotembea majini, basi.

Sasa kitu cha kwanza cha kujua kuhusu baba ni kwamba anasikilizaga. Mafundi wengine wanafungua kwanza halafu ndio wanatafuta ugonjwa. Baba anachukua bisibisi moja ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka nyuma ya sikio, anafumba macho. Hapo ukimwongelesha hajibu, hata uwe mama. Na kama injini imezimikia mbali, labda huko Murangi, mwenyewe anapiga simu, na baba hamuulizi historia ndefu. Anamwambia tu, "Lia kama inavyolia." Basi mtu mzima na ndevu zake anaanza kulia kwenye simu, brrr-ta-ta-brrr, na mwalo mzima unacheka mpaka watu wanakaa chini. Baba hachekagi. Anasikiliza mpaka mwisho, halafu anamrudishia ileile kwa mdomo wake, anamuuliza ni hivi, au ni hivi? Wakishakubaliana anamwambia kafungue kabureta, kuna maji. Na kweli yanakutwa maji.

Mimi ni Raya, mtoto wake wa pili, niko kidato cha tatu, na nimezisikia hizo sauti tangu nikiwa tumboni, kwa hiyo ukiniambia baba alikuja kulia kama mbwa mbele ya mtaa mzima, nitakwambia hapo hapo kwamba haikuwa aibu, ilikuwa kazi. Ngoja nikupeleke taratibu.

Mbwa mwenyewe anaitwa Plagi. Alitoka Bunda. Kuna mama mmoja wa kule, tunamwitaga Mama Felisiani, alileta injini ya marehemu mume wake itengenezwe auze, na juu ya injini kwenye kirikuu, kale kagari ka mizigo, kulikuwa na kambwa. Keupe, kadogo kama dumu la lita tano, pua fupi kama imekaliwa na mtu. Huyo mama alikuwa anahamia Mwanza na mwenye nyumba wake mpya hataki mbwa. Akamwambia baba akae nako wiki mbili. Huu ni mwaka wa pili. Hata kadi ya chanjo alisema ipo, halafu akasema ilipotea kwenye kuhama, ndio ikaishia hapo.

Baba alikaita Plagi kwa sababu plagi ni ndogo lakini bila yenyewe injini haiwaki. Na kweli, tangu kaje, hakuna injini iliyoibiwa bandani. Kakisikia hatua tu, kanabweka mpaka mabati yanaitikia.

Nyumbani kwetu Mwisenge hakaingii. Sisi ni Waislamu, na mama, anaitwa Mwanaupe, alisema mapema kabisa: mbwa wa ulinzi sawa, ila anaishi bandani, ana bakuli lake, na atakayeguswa na mate yake anaosha mara saba, moja kwa udongo, ndio arudi nyumbani. Kwa hiyo pale bandani pembeni ya pipa la maji kuna kopo la udongo safi na kipande cha sabuni. Wavuvi wanamtaniaga baba, wanamwambia shehe una mbwa ana masharti kuliko mke wa pili. Baba anasema angalau huyu hadai vitenge.

Sasa ile Jumamosi.

Wiki ya kabla yake habari ilikuwa imefika kutoka upande wa Butiama kwamba kuna mbwa kapata kichaa, kauma watu na mbuzi. Ikazunguka kwenye simu na zile sauti za watu wanaopumua kwa nguvu wakihadithia. Mjumbe wa mtaa wa pale mwaloni, Mama Gati, mwanamke mmoja mrefu, haongei sana lakini akiongea imeisha, alipita nyumba kwa nyumba. Mbwa wote wafungwe. Mbwa atakayeonekana amebadilika, anauawa siku hiyohiyo. Baba akatii, akakafunga Plagi kamba shingoni, kwenye mguu wa meza ya kazi.

Saa tatu asubuhi mimi niko bandani kwa sababu kule ndio mtandao unashika vizuri. Akaja Eliud, mvuvi, rafiki wa baba, kaleta injini inayotoa moshi. Baba akavuta kamba ya kuwashia mara moja, mara mbili, ya tatu ikawaka, na banda lote likajaa moshi wa mafuta, ule mweupe unaouma macho. Plagi akaruka kukimbia, kamba ikamkaba, akarudi nyuma.

Halafu akaanza.

Alisimama wima, hakutikisika. Shingo kainyoosha mbele, viwiko vimetoka nje, macho yamemtoka, na sauti ikawa inatoka kwake kama mtu anayevuta uji wa mwisho chini ya kikombe, ila kwa nguvu na haraka, khrro, khrro, khrro, mbavu zinaingia ndani kila mara. Nilihesabu mpaka ishirini. Baba akazima injini.

Eliud akasema, "Huyo ana mwiba."

Na hapa ndio kosa lilipoanzia, na lilikuwa kosa la watu wa ziwani kabisa. Kwetu mtoto akikwamwa na mwiba wa samaki hakuna anayeuliza mara mbili. Unamega tonge kubwa la ugali mkavu, anameza bila kutafuna, tonge linashuka na mwiba wake. Mimi nimemezeshwa, baba amemezeshwa, Eliud amemezeshwa mara nyingi anasemaga ndio maana ana shingo nene. Na Plagi alikuwa anakulaga vichwa vya samaki kila siku. Kwa hiyo hakuna aliyejiuliza. Eliud alikuwa na kiporo cha ugali kwenye kibakuli chake, akamega, na Plagi wakati huo ameshanyamaza, anatikisa mkia kama hakuna kilichotokea. Akalidaka tonge. Na tonge likiwa bado mdomoni, ile sauti ikarudi.

Safari hii haikuwa khrro. Ilikatika. Mdomo wazi, hakuna kitu kinachoingia wala kutoka, miguu ya nyuma ikaanza kulegea.

Baba hakufikiri. Alipiga magoti, akaingiza vidole viwili mpaka kooni, akalivuta lile tonge likatoka na mate mengi, mkono wote unateleza. Plagi akavuta hewa, akakohoa, akalala chini. Baba akauangalia mkono wake. Kwenye kidole cha shahada alikuwa na mchubuko wa jana, wa waya, na juu yake sasa kulikuwa na alama nyingine mpya, jino lilipita. Ndogo tu, ila damu ilikuwepo.

Watu walikuwa wameshajaa mlangoni. Kuna dada mmoja anayeanikaga dagaa pale jirani, alikuwa na ungo wake kichwani, akasema taratibu tu, kama anajiambia mwenyewe, "Hata yule wa Butiama walidhani ana mfupa kooni."

Mlango wote ulirudi nyuma hatua moja, na mimi nikajikuta nimerudi nao, na baba amebaki peke yake ndani na mbwa.

Alienda kwenye pipa. Akaosha mara saba, moja kwa udongo, kama siku zote. Halafu akaanza tena na sabuni, na akaendelea, na akaendelea, maji yanamwagika mchangani, mpaka sabuni ikabaki kama ukucha. Sijawahi kumwona baba anaosha hivyo. Kule kuosha kwa mwanzo kulikuwa kwa ibada. Huku kwingine kulikuwa kwa hofu.

Mama Gati alifika kabla hajajifuta. Akampigia bwana mifugo, anaitwa Wanzagi, ambaye siku hiyo alikuwa Butiama hukohuko anachanja mbwa. Akaweka spika tusikie wote. Wanzagi akasema msimuue, msimguse, mfungieni mahali, fundi aende hospitali leo hii, yeye atafika saa kumi. Kichaa kinapimwa kwenye ubongo, mtu akiua hovyo akamponda kichwa, hatutajua kitu, na huyo fundi hatajua kilichomo mkononi mwake.

Mama Gati akakata simu. "Fundi, sina ugomvi na mbwa wako," akasema. "Nina watoto wanapita hapa na ndoo. Saa kumi. Bwana mifugo asipofika, vijana watafanya kazi yao."

Vijana wenyewe walishaanza kutafuta marungu, na Eliud alikuwa mmoja wao, na hilo ndilo lilimuuma baba, nilimwona.

Wakamfungia Plagi kwenye kreti la mbao lililokuja na injini, lile lenye nafasi kati ya mbao. Mimi nikaingia Gugo kwenye simu. Usiingiage Gugo ukiwa na hofu. Niliandika mbwa mdogo anapumua kwa sauti, ikaniletea magonjwa ya moyo, ya mapafu, koromeo linalolegea, na kichaa, tena kichaa kilikuja na picha. Nikaamua kurekodi vidio ili nimtumie Wanzagi. Plagi akafanya ile sauti mara moja, fupi, nikairekodi sekunde tisa. Nilipoicheza ulisikika upepo wa ziwa tu, vuuu, na mtu kwa mbali anaita muuza mandazi.

Mama akaja kutoka Mwisenge kwa bodaboda, kuna mtu alishampigia. Hakuuliza habari za mbwa. Alisimama mbele ya baba.

"Baba Raya, nionyeshe mkono."

Akamwonyesha. Mama akauangalia muda mrefu, akasema twende hospitali sasa hivi. Baba akamwambia wataenda, wallahi wataenda leo, ila akiondoka hapa kabla ya Wanzagi, hatamkuta mbwa, atakuta kichwa kimepondwa, na watakaa maisha yao yote hawajui. Mama akamwambia anacheza na roho yake kwa ajili ya kambwa. Baba akasema inawezekana. Halafu akachukua bisibisi.

Yaani saa sita juu ya kichwa, jua linachoma mabati, na baba amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ncha ya bisibisi kwenye ubao wa kreti, mpini nyuma ya sikio, macho yamefumbwa. Vijana wenye marungu wakawa wanamcheka, wanamwambia fundi badilisha oili. Alikaa hivyo saa nzima na zaidi, na ndani ya huo muda Plagi alianza mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Eliud kawasha sigara karibu. Mara ya pili ilikuwa mama kasogea na bakuli la maji, akalisukuma kwa fimbo, na Plagi akafurahi kupita kiasi, akarukaruka. Baada ya kelele kuisha akameza mate mara moja, akanywa maji yote.

Baba akafumbua macho. "Inavuta," akasema. "Haitoi."

Akamweleza mama, na mimi nilikuwa nasikia. Injini ikikohoa wakati wa kutoa, tafuta huko kwenye ekzosi. Ikikohoa wakati wa kuvuta, kuna kitu kinaisumbua mlangoni, pale hewa inapoingilia. Hii inavuta tu, inavuta kwa pua, mdomo umefungwa. Inaanza yenyewe, inaisha yenyewe, na ikiisha mashine inaendelea kama kawaida. "Kitu kilichokufa ndani hakirudi kama kawaida," akasema. Mama akamuuliza na mkono wako, nao umeusikiliza?

Saa kumi ikafika. Wanzagi hakufika.

Mama Gati aliangalia simu yake, akaangalia barabara, akaangalia simu tena. Alipiga, ikaita bila kupokelewa. Eliud alisogea mbele na rungu kalishika chini chini, kama mtu anayeona aibu na kitu alichoshika. Baba akasimama mbele ya kreti. Eliud akamwambia, "Fundi, toka tu. Nina wanangu watatu." Baba akamwambia anajua, wawili kati yao yeye ndio aliwapeleka kutahiriwa. Wakabaki wanaangaliana. Robo saa nzima, na mimi naangalia barabara.

Ndio tukasikia pikipiki.

Wanzagi alikuwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Aliuliza mbwa yuko wapi, akachuchumaa mbali kidogo na kreti, na Plagi akamtazama, akapiga miayo, akalala. Tukasubiri. Hakuna kelele. Baba akamwagiza Eliud awashe sigara, Eliud akawasha, moshi ukaenda kwingine na upepo. Hakuna kitu. Plagi akaanza kujikuna sikio. Ile siku nzima kalipiga kelele, sasa mtu wa kukasikia kaja, kamenyamaza.

Wanzagi akaomba aelezwe. Eliud akasema ni kama mtu anakabwa. Dada wa dagaa akasema hapana, ni kama nguruwe. Mimi nikamchezea vidio yangu, upepo na mandazi. Mama Gati akasema alisikia mara moja na kwake ilikuwa kama mtu anayekata roho. Wanzagi akajifuta uso, akasema kwa maneno haya hawezi kuamua kitu, na Mama Gati akawa ameshageuka kuwaangalia vijana.

Baba akavua kofia yake akampa mama.

Akainama, mikono kwenye magoti. Akasukuma shingo mbele, viwiko vikatoka nje, macho akayatoa, mdomo akaufunga. Na baba yangu, mtu anayesimama safu ya kwanza Ijumaa, akavuta hewa kwa pua, khrro, khrro, khrro, mbavu zinaingia ndani, mara kumi na mbili, mara kumi na tatu, mishipa ya shingo imesimama. Halafu akakata. Akameza mate mara moja. Akasimama wima.

Hakuna aliyecheka. Nakwambia ukweli, nilisubiri wacheke, na hakuna.

Wanzagi alikuwa amesimama. "Rudia," akasema.

Baba akarudia. Hapo Plagi akanyanyua kichwa kwenye kreti akamwangalia, masikio yote mawili juu.

Wanzagi akaanza kuuliza, na safari hii aliuliza kama wanavyoulizana mafundi. Inavuta au inatoa? Inavuta. Mdomo wazi? Umefungwa. Ulimi na fizi zinageuka rangi, bluu, nyeupe? Hapana, nyekundu vilevile. Anaanguka? Aliyumba mara moja tu, na lile lilikuwa tonge. Mate yanamwagika yenyewe? Hapana. Maji? Kanywa bakuli zima. Inaanzaga lini? Moshi, kamba shingoni, furaha.

Wanzagi akatuambia hiyo inaitwa chafya ya kinyume. Sisi tukipiga chafya tunatoa hewa kwa kishindo, hizi mbwa ndogo za pua fupi kuna wakati kitu kinawasha nyuma ya pua na wao wanaivuta ndani kwa kishindo hichohicho. Inatisha kuangalia, haiui. Usiwape tonge, usiwaingize vidole. Unatulia, unampapasa koo taratibu, inapita. Kilichotaka kumuua Plagi ni ugali wa Eliud. Kamba ya shingoni itolewe, afungwe kifuani. Na kama siku moja ataanza kukohoa kwa honi kama bata, au fizi zikageuka bluu, hiyo ni habari nyingine, apigiwe simu.

Tukaanza kupumua. Wanzagi akanyanyua mkono.

"Nimeamini masikio yako, fundi," akasema. "Lakini kichaa hakipimwi kwa sikio, na huyu hana kadi." Mbwa atakaa kreti siku kumi bila kuguswa. Akiwa mzima siku ya kumi, basi siku ile ya jino hakuwa nacho. Na baba anaenda kuchomwa sindano sasa hivi, hasubiri siku ya pili. Mama hakumngoja amalize, alishaita bodaboda.

Siku kumi ni nyingi kuliko unavyofikiri. Baba alikuwa akitoka kuswali alfajiri anaenda kwanza mwaloni, anaweka bisibisi kwenye kreti, halafu ndio chai. Sindano alizifuata zote kwa tarehe zake. Mama aliacha kulala karibu naye, alikuwa anamwangaliaga akinywa maji, kila glasi, kama anameza vizuri, maana mwenye kichaa maji yanamkataa. Siku ya sita Plagi hakula kabisa. Bakuli la asubuhi limejaa, la mchana limejaa. Baba alikaa pale na bisibisi yake, na mimi nililia chooni. Jioni ndio Eliud akaja na kichwa chini, akasema asiwe na wasiwasi, ni yeye, amekuwa akikapitishia furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, kati ya mbao tangu juzi kwa sababu ya lile tonge. Baba alimwangalia. Akamuuliza, umetoa miiba? Eliud akasema ametoa yote.

Siku ya kumi Mama Gati alikuja mwenyewe kufungua kreti, na vijana walikuwepo, na marungu yalikuwepo, yameegemezwa kwenye mabati. Plagi akatoka kama risasi, akazunguka banda mara tatu, vumbi limetimka. Akasimama katikati yetu. Shingo mbele. Viwiko nje.

Khrro, khrro, khrro.

Watu walirudi nyuma nusu hatua, mazoea tu. Mama Gati hakurudi. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza mpaka ikaisha, mpaka Plagi akameza mate na kutikisa mkia.

"Inavuta hiyo," akawaambia. "Nendeni majumbani."

Baba alikuwa ameshamgeukia Eliud. Ile injini ya moshi ilikuwa imekaa siku kumi bila kuguswa, akamwambia ailete mezani, aivute kamba, na kambwa katolewe nje kwanza.